Boya la Nelcy na Nguruwe wa Eligio

Saa kumi na mbili asubuhi, Nelcy Arrieta anachomeka upondo mtoni, anautoa, anaangalia maji yalipoishia. Mkondo wa mto Magdalena umehama tena. Boya jekundu linaloonyesha vyombo njia halipo. Gogo limekata kamba yake.

"Najua lilipo," anasema, akigeuza mtumbwi kurudi kijijini.

Lipo kwa jirani yake, mzee Eligio Camargo, ambaye tayari ameshika msumeno alipasue liwe hori la nguruwe. Eligio si mwizi. Huku kwetu kinachoelea bila mwenyewe ni cha aliyekivuta ufukweni, iwe mbao au mkungu wa ndizi.

Siku nyingine Nelcy angecheka. Leo inapita boti ya zahanati, na bintiye Yurleidis, mjamzito wa miezi minane aliyevimba miguu, anaisubiri impeleke hospitali, mjini Magangué. Miaka mitatu iliyopita boti hiyo ilikwama mchangani hapa hapa, ikasusa kuja.

Enzi hizo maboya yaliwekwa na watu wa mjini, mara moja kwa mwaka, kisha mto ukahama ukayaacha. Mwaka juzi serikali ilibadili sera: kila kipande cha mto kitunzwe na mkazi wake, kwa mshahara. Nelcy, muuza samaki wa kukaanga, akapata kazi.

"Naishukuru serikali, wala sioni haya," anasema. "Boti imerudi kwa sababu hiyo."

Eligio naye ana lake. "Sasa nguruwe wangu wale wapi, jirani?"

"Wape karai langu la kufulia. Mimi nitafua mtoni."

Eligio anacheka, anaweka msumeno chini, analibeba boya mwenyewe hadi mtumbwini. Nelcy anamshukuru mpaka mzee anamwambia inatosha, kisha anakwenda kulifunga boya palipohamia mkondo.

Kabla ya adhuhuri boti inafika, inalifuata boya taratibu, inapita salama. Yurleidis anapanda. Nafasi ya msindikizaji ni moja, na anayeichukua ni mke wa Eligio, aliyejitolea mwenyewe. Nelcy anabaki majini, machozi yanamtoka, upondo mkononi.

"Mkondo ukihama wakiwa huko, watarudije?" anasema. Kila asubuhi atapima na kuyasogeza maboya mpaka boti irejee. "Nimempitisha kwenda. Namwomba Mungu nimpitishe kurudi, na mtoto wake mikononi."