Nimefua jezi ya ushindi

Jamani, leo nimeharibu. Njooni mnicheke.

Timu ya mjukuu wangu hapa Temeke imeanza ligi vibaya. Mechi nne, zote wamefungwa.

Sasa sie wa zamani tuna mila yetu. Enzi za Mwingereza, marehemu mume wangu akicheza beki pekupeku, jezi ya kufungwa ilifuliwa siku hiyohiyo, mkosi utoke.

Ya ushindi haiguswi na maji!

Msimu mmoja walianza hivihivi. Nilifua mpaka vidole vikachubuka. Nilivyokuwa naitamani jezi chafu!

Basi leo mjukuu kaingia kimya, kavua jezi, kaenda kuoga. Nikajua ni yaleyale. Nikailoweka.

Katoka bafuni: "Bibi! Unaifua ya nini? Leo tumeshinda!"

Mie hoi. Povu mpaka viwikoni.

Nikafungua sanduku, nikamtolea jezi ya babu yake ambaye hakuwahi kumwona. Ya ushindi wa kwanza msimu ule. Sijaifua mpaka leo.

Kainusa, kakunja uso. "Bibi, hii inanuka jasho."

Nikamwambia, "Mpe shikamoo. Huyo ndiye babu yako."