Anko Alipofasiri Filamu ya Watumwa

Siku hizi kila mtu Siakago ana sinema yake mfukoni, na kile chumba cha mabati ambamo anko wangu alionyesha filamu sasa ni duka la mbolea. Nikipita hapo bado napunguza mwendo. Nakikosa chumba kile kuliko ninavyokosa chochote nilichosomea chuoni.

Anko, ndugu mdogo wa baba, alikuwa mfasiri wa filamu. Aliketi kando ya spika na maikrofoni mkononi, picha ikimulikwa ukutani na projekta, sauti ya filamu imezimwa, akiwasemea wote: jambazi, polisi, hata bibi harusi. Na kwake hapakuwa na mgeni. Mchina akiruka ukuta alikuwa kijana wa hapa jirani Kiritiri anayemkimbia baba mkwe kwa sababu ya mbuzi wa mahari. Jasusi wa Ulaya alipewa muthokoi, akalalamika kwamba mahindi hayakukobolewa vizuri. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Watu walitembea kutoka mbali kuja kumsikiliza, na filamu yenyewe ilikuwa kisingizio tu.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni kule Nchiru, tulitazama filamu ya utumwa wa Marekani kwenye chumba cha hosteli, tukagombana wiki nzima. Wengine walisema lile tusi la Wazungu kwa watu weusi limerudiwa mno, na kwamba anayelitengenezea pesa leo anatutukana upya. Mimi nilishikilia kwamba ukilifuta unamsafisha mnyapara. Nilikuwa na mdomo wakati huo, na bado ninao. Likizo ilipofika nikaibeba filamu kwenye flashi, nikampa anko.

Nyanya, mama yake, hakuwa mtu wa video. Safari hii alikuja, kwa sababu nilisema nyumbani kwamba ni habari za watu weusi waliouzwa. Aliketi benchi la mbele akiwa amejifunga leso ya kanisani.

Basi anko akafanya alivyozoea. Mnyapara alipoinua kiboko na kumtukana mtumwa mmoja, anko alimgeuza kuwa tajiri wa Kiritiri anayemfokea mchungaji wake: "Wewe kichwa kama sufuria ya matanga, beberu yangu iko wapi?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtu anachapwa pale ukutani, damu inamtoka, na sisi tumeshika mbavu. Nyanya akainuka, akatoka.

Baada ya hapo hakumsemesha mwanawe. Anko akija kumsalimu, yeye aliwatazama kuku. Anko alikuwa kitinda mimba wake, boma lake liko hatua chache kutoka kwa mama, na jambo hilo lilimkondesha tukiona. Mzee mmoja wa kanisa akashauri matusi yote yakatwe, watu wapate fundisho bila uchafu. Anko alikuwa tayari kukubali, au hata kuitupa flashi chooni. Alichotaka ni mama yake tu.

Ndipo siku moja, nyanya akipepeta ndengu, aliniambia mimi, lakini kwa sauti ya kumfikia anko aliyesimama mlangoni, mambo ambayo hakuwahi kutuambia. Alizaliwa kule juu Embu, karibu na msitu. Wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni, akiwa msichana, yeye na wenzake walipelekwa kuchimba handaki, na Mzungu mwenye bunduki aliwaita nugu, yaani nyani, tangu asubuhi hadi jua linatua.

"Alituita hivyo na hakuna aliyecheka," alisema. "Huyu wenu anachekesha watu na tusi kama hilo."

Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na sikujua nimkasirikie nani. Anko akageuka, akaenda zake. Jumamosi akaandika filamu ile ile kwenye ubao wa matangazo, na wateja wakajaa wakisubiri beberu. Nyanya naye alikuja. Sikuuliza nani alimshawishi.

Anko alifasiri polepole, bila Kiritiri, bila mbuzi. Wapo walionung'unika kwamba wamekuja kuburudika, akawaacha wajiondokee. Kiboko kilipoinuka aliisogeza maikrofoni mdomoni.

"Nugu," alisema. "Inuka, nugu."

Hakuna aliyecheka. Nyanya akasimama. Nilidhani anatoka tena, nikakunja miguu apite. Lakini alibaki pale pale, mwanga wa projekta ukimpiga shavuni, akimkazia macho yule Mzungu wa ukutani.

"Mimi nina jina," alimwambia kwa Kiembu.

Akalitaja, akataja na la baba yake, kisha akaketi. Anko, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, aliilaza maikrofoni mapajani, na mnyapara akaendelea kufungua na kufunga mdomo bila sauti.