Hesi Kumi na Moja za Raimo Haukkala

Kwa miaka thelathini na minne Raimo Haukkala alikuwa fundi umeme kwenye maghala ya nafaka ya Thunder Bay, na miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumshinda kwa mambo mawili: kunywa kahawa na kujisifu. Hilo la pili alilikiri mwenyewe. “Domo langu lingekuwa na meno,” alikuwa akisema, “nisingenunua msumeno.”

Alichojisifia zaidi ni kuchagua zana. Ukitaka kununua tupa au jiliwa, ulipelekwa kwake, naye hakukuachia mpaka akusomeshe. Msumeno wa chuma uwe na fremu nzito isiyopinda ukiikaza, na meno madogomadogo. Meno makubwa yanakwama. Kikata bomba cha gurudumu kinapendeza macho, lakini kinaacha ukingo mkali ndani ya bomba, nao utazichuna nyaya kama viazi. Usipokwangua huo ukingo, usije kwake kulia. Na meno ya kuchongea hesi, ile mifereji inayozunguka ncha ya bomba kama ya skrubu, yawe makali, uyanyweshe mafuta bila ubahili. Raimo aliyajua yote haya. Ndiyo maana kwa yaliyompata hakuweza kumlaumu mtu mwingine, ingawa alijaribu.

Mwezi wa Mei yeye na wenzake walipewa kazi ya kupitisha nyaya juu kabisa ya ghala, kule vumbi la ngano linakoelea kama ukungu. Cheche moja huko inaweza kuling'oa paa. Kwa hiyo nyaya hupita ndani ya mabomba mazito ya chuma, yaliyoungwa kwa soketi, vile vipande vifupi vya kuungia bomba na bomba, na kukazwa barabara, na mashine za umeme haziruhusiwi hata kukaribia. Kila bomba likikatwa, ncha mpya ingechongwa hesi kwa mkono. Zana za Raimo zilikuwa zimekwisha makali, basi msimamizi wao, Dwayne, akamwambia aende dukani akachague mpya.

Raimo hakufika dukani. Jumamosi ile, njiani, alimkuta mjane wa injinia wa meli akiuza vitu vya marehemu mbele ya nyumba. Kati ya sufuria na viatu vya theluji palikuwa na sanduku la mbao nyekundu lenye pembe za shaba. Ndani yake meno ya kuchongea hesi yalilala kila moja mahali pake, juu ya kitambaa cha kijani. Raimo aliliangalia lile sanduku kama bwana harusi anavyomwangalia bibi harusi, yaani bila swali hata moja. Akalipa dola sitini.

“Umenunua zana,” mkewe Aili alimwuliza, “au jeneza la paka?”

Kazini alilifungua mbele ya Noreen Pelletier. Noreen alikuwa fundi kamili kama yeye, mama wa makamo kutoka Fort William, ng'ambo ya mto, asiyependa maneno mengi. Na kwa kuwa Raimo aliyatumia yote, walielewana.

“Yametoka wapi haya?”

“Uingereza, dada. Chuma cha enzi zile. Watu walikuwa wanatengeneza vitu.”

“Umejaribu kuzivisha soketi hesi zake?”

“Mpishi akitia maji sufuriani anauliza kama yamelowa?”

Noreen akaenda zake kufunga vishikizo vya mabomba.

Siku nzima ya Ijumaa Raimo alikata na kuchonga. Mpini ulilia krr, krr, krr, mafuta yakamwagika, vipande vya chuma vikajikunja mviringo sakafuni. Mabomba ishirini na sita ya inchi moja! Hesi zilitoka safi, zinang'aa. Jioni mabega yalimuuma hata Aili akamfungua vifungo vya shati, naye bado anasifu lile sanduku.

Jumatatu wakayapandisha mabomba juu, ngazi baada ya ngazi. Raimo akashika soketi ya kwanza, akaizungusha. Ikaingia raundi mbili, ikakwama.

“Soketi mbovu hii.”

Akachukua nyingine. Raundi mbili, tii.

“Baridi,” alisema. “Chuma kinajikunyata.”

“Mzee, mimi nimevaa fulana,” Noreen alisema.

Akaleta spana kubwa, akaning'inia nayo kama popo. Soketi haikusogea, ila uso wa Raimo ulibadilika rangi. Noreen alimwacha mpaka akachoka. Kisha akachukua bomba jingine, akaligeuza upande wa ncha iliyotoka na hesi kiwandani, akailaza sambamba na hesi za Raimo. Meno mawili matatu ya kwanza yaliingiliana vizuri. Yaliyofuata yalipandana.

“Za kiwandani ni meno kumi na moja na nusu kwa inchi,” Noreen alisema. “Hesabu zako.”

Raimo akahesabu kwa ukucha. Akahesabu tena, polepole, kama mtu anayesoma barua ya daktari. Kumi na moja. Hesi za Kiingereza, za mabomba ya meli.

Akakaa chini kwenye vumbi. Kila bomba alilolichonga lilikuwa na hesi sahihi upande wa pili, futi kumi tu kutoka kwenye pua yake.

“Tunaweza kusema mabomba yalikuja mabovu,” Noreen alisema. “Dwayne hawezi kujua.”

Raimo alilifikiria hilo, tena si kwa sekunde moja. Liliteleza vizuri sana kinywani. Lakini aliona kwamba angelisema Jumatatu, na kufika Alhamisi angekuwa ameliamini, na mwisho wa mwezi angekuwa anawafundisha watu jinsi ya kutambua mabomba mabovu. Alijijua.

Akashuka akamwambia Dwayne kila kitu. Dwayne alicheka mpaka akashika meza, halafu akauliza ni lini mabomba yatakuwa tayari, na hapo hakucheka.

Safari hii Raimo na Noreen walikwenda dukani pamoja. Raimo alisimama kaunta na soketi mkononi na kipande cha bomba kwapani, akamwomba muuzaji ruhusa ya kuyajaribu meno mapya kwa kuchonga hesi palepale. Alipomaliza, akaivisha soketi kwa vidole, akaivua, akaivisha tena. Foleni ikarefuka nyuma yake. Mtu mmoja akauliza kama huyu mzee ameanza kazi leo.

“Leo,” Raimo alijibu. “Niombeeni.”

Kuchonga upya kulimla siku mbili. Kila bomba lilipunguka karibu inchi moja, kwa hiyo mwisho wa mstari pakabaki pengo la futi mbili na kidogo, wakaliziba kwa kipande kifupi kilichoonekana kama kiraka kwenye suruali ya harusi. Noreen alikaza soketi zote.

Mkaguzi alipokuja, alipiga tochi mstari mzima hadi kwenye kile kipande. Kabla hajafungua kinywa, Raimo alishaanza kumweleza: mjane, sanduku, popo, yote. Noreen akatazama saa, akashuka kwenda kula chakula chake cha mchana. Aliporudi, mkaguzi alikuwa ametia sahihi zamani, na Raimo ndiyo kwanza amefika pale soketi ilipokwama kwenye raundi ya pili.