Salamu Zilizojaza Simu

Baba yangu alikuwa na ng'ombe wa plau ambaye akichoka analala. Halali pembeni, analala katikati ya shamba, nira ikiwa shingoni, na mwenzake anabaki amesimama kama mgeni aliyekosa kiti. Umchape, anacheua tu. Hiyo ilikuwa kijijini kwetu Susuni, Tarime, enzi natembea kifua wazi. Siku moja amelala hivyo, akapita mzee mmoja na litungu lake, kile chombo chetu cha nyuzi nane chenye sauti ya kifuani. Akasema, "Ngoja nimbembeleze." Akakaa juu ya kichuguu, akapiga. Ng'ombe hata sikio hakugeuza. Lakini wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakaja, wachunga mbuzi wakaja, na mbuzi wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Ule ugomvi wa mahindi ulikuwa mkubwa, ila nauacha, nikiuanza hatutamaliza. Ninachotaka kusema ni kwamba litungu lilikuwa likilia, watu wanakuja. Hakuna aliyetumwa kuwaita.

Na mimi nikaja kuwa mpigaji. Shule sikukaa sana, litungu nimekaa nalo.

Siku hizi mtu akioza mtoto anakodi spika. Zinapigwa huku, wanasikia mpaka Sirari mpakani. Kikundi chetu cha ngoma kikakaa kiangazi kizima bila kualikwa popote, na vijana wetu wakaanza kwenda Nyangoto kuchimba dhahabu. Tukafanya kikao tukakubaliana: mavuno yakifika hakuna aliyetuita, tunagawana ngoma na njuga, kila mtu aende kwake. Nikapige litungu nyumbani peke yangu, nimpigie nani? Mke wangu ameshalisikia.

Ndipo tukaambiwa kuna watu wanafundisha vikundi vya sanaa mambo ya mitandao, huko Morotonga, jirani na mji wa Mugumu. Tukatumwa wawili, mimi na kiongozi wa wanawake wanaocheza. Huyo ni mke wa mwenzangu wa rika, kwa hiyo namwita shemeji, na yeye hanionei huruma hata kidogo.

Mwalimu alikuwa binti kutoka Mwanza, mchangamfu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeita watu kwa simu?"

"Tutawaita pamoja, babu."

Akatufungulia ukurasa wa kikundi. Akatufundisha kuweka picha, kuposti, kujibu komenti. Akatuonyesha alama ya reli, ile ya hashitegi, nikamwambia kwetu reli haijafika, akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema turekodi video fupi, tena tuanze na ngoma papo hapo, kwa sababu mtu akiona haimvuti anapitisha kidole, ameenda.

Shemeji akashika simu ya kikundi. Nikaweka litungu mapajani.

Sasa, kwetu litungu halianzi hivihivi. Utapigaje kwa watu hujawasalimu? Ukienda kwenye boma la mtu unamsalimu mwenye boma, wazee wake, wakwe, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Na mimi niliambiwa simu inafika kwa watu wote. Basi nikaanza. Nikasalimu boma la kwanza pale kilimani, nikauliza hali ya ng'ombe wao, nikashuka bondeni, nikapita kanisani, nikapanda upande wa pili. Jasho linanitoka. Nilipofika kwa mama mkwe nikakohoa, nikashika uzi wa kwanza.

"Imejaa," shemeji akasema.

"Nini imejaa?"

"Simu. Umeijaza watu, mzee wewe! Ngoma itakaa wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akafuta machozi, akasema, "Babu, hizi salamu tuzikate, turudie."

"Mtu umsalimu halafu umkate? Hapana."

Shemeji hakungoja tubishane. Akaposti kama ilivyo: mzee anasalimu, litungu limekaa kimya. Nilijua tumekwisha.

Kesho yake asubuhi mwalimu akamwambia shemeji asome komenti kwa sauti. Zilikuwa nyingi. "Babu kataja boma letu, niko Dar, nimelia." "Mwambieni ng'ombe wazima." Halafu zikaja za hasira. "Sisi wa ng'ambo ya mto tumekufa?" "Mzee ana ubaguzi huyu!"

"Umeona?" shemeji akasema. "Umetugombanisha na nusu ya Tarime."

Akaendelea kusoma, mara akasogeza simu karibu na macho. Akasoma tena, polepole. Alikuwa baba mmoja wa Nyangoto: "Mzee, kwangu umepita kama hakuna mlango. Jumamosi naoza binti. Njoo unisalimie mwenyewe, uje na ngoma yako yote. Spika nimezikataa."

Shemeji alipiga kigelegele hadi watu wa darasa la jirani wakachungulia. Nikalivisha litungu gunia lake.

"Babu, unaenda wapi?" mwalimu akauliza. "Bado hatujajifunza kukata video!"

"Mfundishe shemeji. Mimi nyuzi zimelegea, na Jumamosi ni kesho kutwa."

Alimfundisha kweli, na mpaka leo shemeji ndiye anayenikata. Mimi nilimpa mwalimu mkono, nikashika barabara ya Mugumu kutafuta gari la Tarime. Darasani kule sikurudi tena.