Kinyume cha Mbaya

Tove Damgaard hakusomea ualimu. Alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne katika mji wetu mdogo wa magharibi mwa Jutland, kwenye upepo usio na adabu, na alipostaafu akakataa kukaa bure. Kila Jumanne alasiri huwafundisha wageni Kidenishi pale maktabani, ambako mimi hupanga vitabu na kuwachemshia kahawa.

Somo analolipenda ni maneno ya kinyume. Kitabu hana haja nacho. Hutoa kwenye kapu kisu kikali na kisu butu, soksi mbichi na soksi kavu, akakushikisha kimoja kimoja mpaka useme.

Mwanafunzi wake mwepesi kuliko wote alikuwa Halyna, kutoka Ukraine. Alikuwa anamalizia miezi mitatu ya majaribio katika duka la mikate la Mogens. Akiajiriwa, angeweza kupanga nyumba, yeye na mama yake waondoke kwenye hosteli ya wakimbizi. Asipoajiriwa, ndiyo basi.

Jumanne moja akaja bila daftari. Alibeba aproni, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Namrudishia Mogens," alisema. "Nimeshindwa, Mwalimu. Leo asubuhi ameonja mkate wangu mweusi mbele ya wateja, akasema, 'Si mbaya.'"

Tove akaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

"Binti, hiyo ni sifa! Tena kubwa!"

"Sifa gani? Wewe mwenyewe umenifundisha kinyume cha mbaya ni nzuri. Kama mkate ni mzuri, mbona hasemi ni mzuri?"

"Huku hatusemi hivyo."

"Na ukiwa mbaya kweli, mnasemaje?"

"Hatusemi kitu. Tunahamia duka jingine."

Halyna hakucheka. "Na wewe kila wiki unaniandikia 'si mbaya' kwenye daftari. Nikifika nyumbani nalia. Nasoma mpaka macho yananiuma, bado si mbaya tu."

Kicheko kikatukauka. Sisi watu wa huku sifa hututoka kwa shida kama jino la gego, na tunajiona waungwana kwa hilo. Siku ile niliona aibu. Tove akavaa koti, akamshika Halyna mkono. Nikafunga maktaba kabla ya saa, nikawafuata.

Mogens alikuwa nyuma ya kaunta, unga mpaka viwikoni, na wateja wawili mbele yake.

"Mogens, mkate wa huyu ukoje?" Tove aliuliza.

"Si nilishamwambia asubuhi?"

"Mwambie tena, kwa neno jingine."

Mogens akautazama mlango. "Unalika."

"Mogens!"

"Sijaona mtu akiurudisha."

"Binti wa watu amekuja kukurudishia aproni, we mwanamume! Anadhani umemfukuza!"

Wateja wakazikodolea macho keki kana kwamba ndiyo kwanza wanaziona. Mogens akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nimfukuze, halafu nioke na nani?" Akajipangusa unga mikononi. "Ni mzuri. Mkate wako ni mzuri, Halyna. Unaushinda wangu. Mkataba wako uko mezani tangu jana."

Akakimbilia tanurini. Halyna akaikunjua aproni, akaivaa palepale, akamuuliza mteja wa kwanza anataka nini.

Wakati wa kurudi Tove aliikokota baiskeli yake bila kuipanda. Nilidhani anafurahia ushindi.

"Marehemu mume wangu alinipikia kila jioni nilipotoka kwenye barua," alisema. "Miaka yote ile. Ejnar alijua kupika, usione."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia si mbaya."

"Sasa yeye si alikuwa mtu wa hapahapa? Alikuelewa."

"Alinielewa," alisema Tove. "Lakini neno lenyewe hakuwahi kulisikia."