Maziwa Yasimwagikie Moto

Nilikuwa na miaka tisa, pale Kaole, nilipokabidhiwa kazi ambayo mpaka leo sijui kwa nini watu wazima walidhani naiweza: kukaa mbele ya mafiga na kulinda sufuria ya maziwa yasifurike. Wenzangu wanacheza rede uani, mimi nimeyakodolea macho maziwa.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama mzazi wa Baba. Baba alifanya kazi Dar na kuja mwisho wa wiki, hivyo siku nyingi tulikuwa Bibi, Mama, mimi na mdogo wangu Idi, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni. Na ng'ombe. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mweupe, aliyemwita Bi Harusi kwa kuwa alitembea taratibu kana kwamba anasindikizwa. Alimpenda waziwazi kuliko alivyompenda mwanawe, na Baba mwenyewe alikuwa akilisema hilo huku anacheka.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja asioufanyia mzaha. Maziwa hayachemshwi. Yakipanda, na zaidi yakimwagikia motoni, kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa huungua. Yeye aliyapasha tu yakawa vuguvugu, akayaepua. "Hata yakishakamwa, bado ni ya mwenyewe," aliniambia. "Ukiyaunguza huku, naye kule anaungua."

Sasa nesi wa kliniki akamwambia Mama kwamba maziwa ya Idi lazima yachemke mpaka yapande. Mama alikuwa mkaza mwana katika nyumba ya mkwewe, hakutaka mzozo. Alisubiri Bibi aende kukata majani ya ng'ombe, akaniita jikoni.

"Zuhura, yakipanda tu, epua. Na bibi yako asijue."

Siku ya kwanza nilifaulu. Siku ya pili nikageuza shingo kutazama rede, na maziwa yakapanda, yakamwagika, moto ukafoka. Nilifukia alama kwa jivu.

Kesho kutwa yake asubuhi Bi Harusi alimpiga Bibi teke. Kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja, kina joto, na chuchu moja ikatoa maziwa yenye mabonge. Bibi hakugomba wala hakuuliza. Alikaa na ng'ombe wake mchana kutwa, akimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akimsemesha kama anavyosemeshwa mgonjwa. Leo najua kwamba ugonjwa ule una sababu zake na dawa yake, na moto wa jikoni haumo. Siku ile, nimesimama mlangoni mwa banda, nilijua jambo moja tu: mimi ndiye niliyemuunguza.

Nikakata shauri peke yangu. Kuanzia hapo nikawa napasha tu. Mama akiniuliza, "Yamepanda?" namjibu, "Yamepanda, Mama." Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Haikupita wiki mbili Idi akaanza kuharisha, na homa juu. Macho yakaingia ndani, akawa analia bila machozi. Mama alimfunga mbeleko akampeleka hospitali mjini, wakalazwa siku tatu. Sijui mpaka leo kama yalikuwa maziwa au maji ya kisima, maana nayo hayakuwa ya kusifiwa. Wakati ule sikuwa na shaka hata chembe. Niliomba kila dua niliyofundishwa chuoni, nyingine za kuingilia msikitini na za kuvaa nguo mpya, ili mradi niwe naomba.

Waliporudi, Idi alikuwa amekonda, hata kichwa anakiona kizito. Mama akamweleza Bibi kila kitu: maneno ya nesi, na jinsi alivyokuwa akiyachemsha maziwa kwa siri. Akamwomba radhi. Bibi alimsikiliza, akasema haya, basi, mwogeshe mtoto. Kisha akaja jikoni, akaifunua sufuria niliyokuwa nimetoka kuiepua. Maziwa yalikuwa meupe tupu. Hayakuwa na malai, ule utandu unaoganda juu ya maziwa yakishachemka.

"Mke mwenzangu," aliniita, kama alivyozoea kunitania, ila safari hii hakutabasamu. "Mama yako anasema haya huchemshwa. Haya yamechemka?"

Nikaangua kilio. "Nilimwogopea Bi Harusi."

"Ukaogopa peke yako siku zote hizo?"

Niliitikia kwa kichwa. Alirudisha sufuria kwenye mafiga, akachochea kuni, tukachuchumaa wote wawili. Maziwa yalipoanza kupanda nilinyoosha mkono kuepua, akaushika.

"Nesi kasema yapande. Yaache yapande."

Yakafika ukingoni, mengine yakamwagikia motoni. Nilimwona akifumba macho.

"Wa kumuuguza ng'ombe nipo," alisema. "Idi tunaye mmoja."

Alipomaliza kuyapooza akatoka kwenda bandani, nami nikamfuata. Alikiwekea kiwele kiganja, akasema kwa sauti ndogo, "Uniwie radhi, mama." Uongo wangu hakumwambia mtu, hata Mama.

Kiwele hakikuvimba tena. Bibi hakusema kwamba alikosea. Alisema Mungu kamsitiri.

Mwezi uliopita Idi alinipigia simu kutoka Mapinga, anakoishi na mkewe na binti yao aliyetimiza mwaka. Walikuwa wanabishana. Mkewe hununua maziwa ya pakiti dukani, Idi anataka ya jirani mfugaji, tena yanywewe mabichi.

"Dada, haya ya pakiti yamekufa. Hata malai hayatoi, yamevurugwa huko kiwandani mpaka hujui unakunywa nini. Bibi alitukuza kwa mabichi, tuna kasoro gani?"

Nilimweleza yote. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimemwambia mtu.

"Kwa hiyo yangu aliyachemsha?"

"Kila siku, mpaka ukakua."

"Na ule mwiko akauacha?"

"Hakuuacha mpaka anakufa."

Nikamwambia maziwa ya mkewe hayajafa, yamechemshwa tu na watu asiowaona. Akipenda ya jirani ayachukue, ila ayachemshe mwenyewe, asimwachie mtoto kazi hiyo.

Watu huwacheka bibi zetu kwa imani zao, nami nilipokuwa shuleni nilicheka nao. Sasa siwezi. Mimi nachemsha maziwa kila asubuhi na sipungukiwi kitu. Bibi aliyaweka motoni siku baada ya siku akiamini kwa moyo wake wote kwamba anamuumiza mnyama anayemlisha, akaenda kumwomba radhi, na kesho yake akayaweka tena. Miaka yote nilijiona mtoto aliyechagua kati ya ng'ombe na mdogo wake. Ukweli ni kwamba mimi nilijificha tu. Aliyechagua ni Bibi.