Kitenge cha Mama kwa Wino wa Kijivu

Deodatha ana kibanda cha picha hapa Rubwera, na sisi majirani tulimbatiza Mama Majivu. Printa za wengine hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi, ndiyo maana marehemu wetu wengi wametundikwa ukutani wakiwa na ukijani wa matoke mabichi. Ya Deodatha hutumia wino mweusi na wa kijivu wa aina tatu, kuanzia uliokolea hadi uliofifia. Picha ikishakauka huipeleka mlangoni penye mwanga, akailinganisha na majivu ya jikoni kwake aliyoyaweka kwenye kisosi. Tulimcheka sana. Sasa tunampelekea picha zetu, na aibu hatuna.

Mwezi uliopita walikuja ndugu wawili kutoka Mabira, Immaculata na mdogo wake Eugenia, kila mmoja na bodaboda yake. Walileta picha pekee ya marehemu mama yao. Ilikuwa ya rangi, lakini imepauka hadi ikawa nyekundunyekundu yote, uso na nguo. Walitaka irudishiwe rangi, itundikwe nyumbani kwa baba yao siku ya misa ya kumbukumbu.

"Kitenge kilikuwa cha kijani," alisema Immaculata.

"Cha bluu, dada."

"Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Unakumbuka nini?"

Machozi yakamlengalenga Eugenia. Mama alimwacha mdogo mno. Sauti yake haikumbuki, sura haikumbuki. Amebaki na ile bluu tu, iliyokuwa mbele ya macho yake alipobebwa. Kumchapia kijani kungekuwa kumfisha mama yake mara ya pili.

Deodatha aliwaambia wakanywe chai kwanza. Akaiskani picha, akauondoa wekundu wote, akachapa kwa kijivu. Karatasi ya kwanza aliitupa, kwa sababu mashavu yalikuwa yamezama gizani. Ya pili ilifika mlangoni, kwenye kisosi.

"Rangi ya kitenge siijui, dada zangu," aliwaambia waliporudi. "Sikutaka kumsingizia mama yenu."

Nilikuwa pale nikisubiri picha zangu za pasipoti, na nilijua ugomvi unakuja. Immaculata alikunja uso. Halafu akaacha kukitazama kitenge. Sura ilikuwa imerudi: paji pana, na mdomo unaotaka kucheka. Akaiinua picha karibu na shavu la Eugenia, akatazama huku, akatazama kule.

"Ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo maana nini?"

"Tukigombana huwa naondoka mimi kwanza. Naona kama nabishana na mama."

Eugenia alilia bila kujificha. Mimi nilijifanya nasoma bei za fremu, maana yalinigusa.

"Kwa hiyo kilikuwa cha bluu?" aliuliza alipotulia.

"Cha kijani," alisema dada yake, akimpangusa machozi kwa ncha ya kanga yake. Wakapanda bodaboda moja, picha ikiwa katikati yao.